Bipu Mbili ni Swali

Jumatatu, 3 Machi

Mkutubi amesema niandike siku mtoto akichemka, joto lilianza lini na alikula nini, ili nikifika zahanati nisibabaike mbele ya daktari. Basi naandika. Leo hajachemka. Amekula vizuri. Mvua ya kwanza imepiga mchana, bati likapiga kelele mpaka Bonge akaziba masikio.

Tunamwita Bonge kwa utani wa baba yake. Alizaliwa kama kifaranga, na hata sasa anapokaribia miaka miwili nguo za mwaka jana bado zinamtosha.

Jumanne, 4 Machi

Naona niandike na lile la mwezi wa kwanza, maana bila hilo haya mengine hayatakuwa na maana.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, ana joto, nami namshonea fundi vifungo. Kazi yangu ni hiyo, fundi cherehani ananiletea mashati ya shule kwa bunda, natia vifungo. Nikasikia mguu wake unagonga sakafu. Nilipogeuka macho yalikuwa meupe, mikono inaruka, taya limefungwa. Ugonjwa huo una jina na kila mtu analijua, lakini sitaki kuliandika humu.

Mama mkwe aliingia mbio, akachukua kijiko cha chai, akakilazimisha mdomoni mwake. Damu ikatoka. Mimi nilidhani inatoka ndani, nikajua mwanangu basi. Kumbe ni mdomo uliochanika. Baadaye akaacha kuruka, akalala, tukamkimbiza zahanati. Muuguzi alisema maneno mengi kwa haraka, foleni nyuma yangu inasukuma. Niliyotoka nayo mlangoni ni mawili tu: "Anaweza kurudiwa."

Tangu siku hiyo naishi roho mkononi.

Jumatano, 5 Machi

Hajachemka. Mvua.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nieleze huyu Mkutubi ni nani, nisije nikasahau alivyoanza.

Wiki iliyopita nilimpeleka Bonge kupimwa uzito. Pale kwenye benchi alikuja dada mmoja na mkoba begani, anaandika namba za simu za kina mama. Akasema anatoka maktaba, ile iliyo ng'ambo ya mto. Nikamwambia dada, umekosea mtu, mimi niliishia darasa la saba na tangu hapo nimesoma maboksi ya dawa tu. Akacheka. Akasema, "Na hayo si haba. Wewe usije maktaba. Maktaba itakuja kwenye simu yako."

Utaratibu wao ni huu. Huna haja ya salio. Unabipu, yaani unapiga, inaita kidogo, unakata. Ukibipu mara moja, mashine inakupigia na kukusomea hadithi waliyoirekodi. Ukibipu mara mbili, una swali, Mkutubi mwenyewe anakupigia na kukutafutia jibu kitabuni. Hatozi kitu. Na ana sharti lake: "Mimi si daktari wala shehe wala hakimu. Nakusomea kilichoandikwa." Pale pale kwenye benchi ndipo aliponiambia niandike siku za homa.

Nilirudi nyumbani na namba hiyo nimeikunja kwenye kona ya kanga, naogopa hata kuibipu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimebipu mara mbili.

Hajakawia. Nikamweleza ya mwezi wa kwanza. Akasema shika, anafuata kitabu cha afya ya watoto. Nilisikia viatu vyake, nikasikia kurasa. Akanisomea taratibu: mlaze chini pasipo na kitu cha kumuumiza. Mgeuze ubavu. Usimtie kitu chochote mdomoni. Usimbane asiruke. Mlegeze nguo. Tazama saa, ikizidi dakika tano au ikirudi tena, mkimbize hospitali. Hata ikiisha mapema, apelekwe, ijulikane homa imetoka wapi.

Akasema, "Sasa rudia, nikusikie." Nikarudia kama niko mbele ya ubao. Nilisahau nguo. Akanirudisha.

Akasoma na hapa: kwamba mara nyingi kitu hiki kinatisha kuliko kinavyodhuru, na watoto wengi hukiacha wakikua. Nikamwomba anisomee tena sehemu hiyo. Akanisomea mpaka mara ya tatu bila kuchoka.

Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa pazia, anachambua nyanya zake za sokoni. Nilipokata akasema, "Siku hizi simu inafundisha watu kulea. Hiyo simu yenyewe imezaa wangapi?"

Nikarudi kwenye vifungo vyangu.

Jumatatu, 10 Machi

Hajachemka. Nimemshika paji mpaka Mama mkwe akaniambia nitamchubua.

Jumatano, 12 Machi

Baba Bonge kapiga kutoka huko wanakojenga. Yeye ni fundi mwashi, harudi mpaka jengo lifike kwenye paa. Nikamwambia nilivyosomewa, kwamba kijiko si sawa. Akasema mama yake amelea watoto sita bila kitabu, nimsikilize, nisije nikavunja nyumba kwa ajili ya maneno ya simu.

Nimelala na maneno hayo. Ninachoogopa sasa si homa peke yake. Naogopa siku hiyo ikifika, ni mkono wa nani utakaotangulia. Mama mkwe ana nguvu. Amebeba makreti maisha yake yote. Mimi nimezoea sindano.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Simu imebaki nusu.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme bado. Nimepeleka simu kwa kinyozi, ana betri kubwa anachajia watu. Nikamwomba nisubiri palepale. Akasema, "Dada, unailinda hiyo simu kama ina mimba." Watu wakacheka. Nilikaa kwenye kigoda chake na Bonge mgongoni mpaka ikajaa, na kila mteja aliyeingia nilimwona kama mwizi.

Jumatatu, 17 Machi

Paji la moto asubuhi. Nimebipu mara mbili. Mkutubi akasoma ukurasa wa homa: anyweshwe mara kwa mara, asifunikwe mablanketi, apewe ile dawa aliyoandikiwa kwa kipimo kilichoandikwa. Mchana joto limeshuka. Nimemlilia dada wa watu kwenye simu, naye alichosema ni, "Lia, mimi nipo."

Simjui sura vizuri. Pale kwenye benchi nilimtazama mkoba tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimebipu mara moja, kwa mara ya kwanza. Hadithi ya mjane aliyegongewa mlango na mtu aliyedai ni ndugu wa marehemu. Niliweka simu juu ya ndoo ili sauti ipae. Bonge alikaa kimya, mdomo wazi. Mama mkwe alipanga nyanya upande wa pazia, kreti linakwaruza sakafu. Niliona anafanya makusudi nisisikie.

Katikati ya hadithi chaji ikaisha.

Kisha upande wa pili wa pazia: "Sasa huyo mjane alifungua au hakufungua?"

Nilijiuma mdomo nisicheke. Nikasema sijui, mama. Akasema wala yeye haimhusu, anauliza tu.

Ijumaa, 21 Machi

Alifungua. Nimemwambia. Akasema, "Mjinga," na kreti halikukwaruza jioni nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Hajachemka. Mto umepanda. Wanasema ng'ambo maji yamefika kwenye ngazi za maktaba.

Jumatano, 26 Machi

Leo nilipata moyo. Nilimwambia Mama mkwe, mama, nakuomba, nibipu, dada akusomee na wewe ule ukurasa, ili siku ikija tuwe kitu kimoja. Nilisema nikiwa nimepiga magoti, nampokea beseni.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikaa. Akasema, "Nimelea sita. Mmoja nimezika."

Nilikuwa sijui. Baba Bonge hajawahi kunitajia.

Akanisimulia bila kunitazama. Alikuwa wa kike, wa pili kuzaliwa, anaanza kutembea. Alishikwa na hicho hicho, asubuhi, mama mtu yuko peke yake. Alijiuma ulimi, akafa siku ya tatu yake. Wakaja wanawake msibani, mmoja akamwambia, ungemtia kijiko asingekufa. Mwingine akaitikia. Tangu siku hiyo hajawahi kukaa katika nyumba isiyo na kijiko mahali pa kuonekana.

Mimi niliyekuwa nikimwona kama jiwe, nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Nikapeleka beseni nje.

Nikabipu mara mbili kutoka uani, nikamuuliza Mkutubi, je, mtu anakufa kwa kujiuma ulimi? Akafuata kitabu. Akasoma kwamba ulimi unaopata jeraha hupona wenyewe, kinachoua huwa ni ule ugonjwa ulioleta homa. Nikamwomba asome tena, nikaweka sauti ya juu, nikasimama karibu na dirisha. Sikutazama ndani.

Kreti halikukwaruza.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku nzima. Mashati ya fundi hayakauki, chumba kizima kinanuka kama mbwa aliyelowa.

Jumatatu, 31 Machi

Daraja limefunikwa. Zahanati iko ng'ambo hiyo hiyo ya maktaba. Sasa kwenda ni kuzunguka kwa barabara ya juu, kwenye machimbo ya mawe, na huko magari hayafiki.

Nimemwangalia Bonge akicheza na vifungo, kila akikohoa najihisi nimemwagiwa maji. Aliyeumwa na nyoka, unyasi ukimgusa hushtuka.

Jumatano, 2 Aprili

Nitaandika yote. Yuko hai. Naanza na hilo ili nikija kusoma siku nyingine nisipate shida.

Alianza kuchemka asubuhi. Nikampa dawa, nikamvua shati. Mvua ilikuwa inapiga bati tusisikilizane. Mama mkwe hakwenda sokoni kwa sababu ya maji. Baada ya chakula cha mchana Bonge alilala mapajani mwangu, nikaanza kusinzia, na nikasikia mguu wake unanigonga nyonga.

Macho meupe. Taya. Mikono.

Nilimweka chini. Hilo nililifanya. Kisha kila kitu nilichorudia mbele ya Mkutubi kikatoka kichwani kama maji kwenye ungo. Nilichukua simu, nikabipu, nikakata, nikabipu tena. Ikaita kwangu. Nikapokea nikisema, "Dada, dada, kimemrudia," na sauti ikaniambia, "Karibu msomaji wetu. Leo utasikia hadithi ya seremala na binti zake."

Mtandao ulikuwa umemeza bipu moja. Mashine ikanihesabia hadithi.

Nami nikazungumza na mashine. Nilikuwa najua kwamba ni mashine, lakini nilidhani nikisema kwa nguvu dada atasikia mahali alipo na ataingia. Nikawa nasema, "Nisaidie, seremala baadaye, nisaidie mtoto," nayo inaendelea na seremala wake, sauti tamu, haina haraka. Sikuthubutu kukata. Nilihisi nikikata nimebaki peke yangu duniani.

Na hapo mimi, niliyesomewa mara ngapi, nilinyoosha mkono kwenye rafu nikachukua kijiko. Mimi mwenyewe. Niliona meno yamebana, nikasema ulimi, ulimi, nikapiga magoti.

Mkono ukanikamata hapa juu ya kiwiko. Una nguvu kama nilivyodhani.

"Weka chini," Mama mkwe akasema. "Kitabu kimesema hakuna kitu mdomoni."

Akakitoa vidoleni mwangu, akakitupa huko. Akapiga magoti upande wa pili. Akamgeuza Bonge ubavu, polepole, mkono wake mmoja chini ya kichwa kisigonge, akasukuma bunda la mashati mbali kwa mguu. Hakumbana. Mtoto aliruka mikononi mwake naye alimwacha aruke, machozi yanamdondoka mpaka kidevuni. "Nguo," akaniambia. Nikalegeza kamba ya kaptula. "Saa." Nikatazama simu, seremala bado anaongea, nikaona saa, nikamwambia.

Tukakaa hivyo. Mvua, seremala, na pumzi ya mtoto inayokwaruza. Nilimsikia akisema taratibu, siyo kwangu, "Mwanangu, mama yupo. Mama yupo." Sikujua anasema na yupi.

Nikakata simu, nikabipu tena na tena, sijui ngapi. Ikaita. Safari hii ilikuwa sauti yake, inahema: "Hakuna anayebipu hivyo kwa ajili ya hadithi. Kimemshika?" Nikasema ndiyo. Akasema niweke sauti ya juu. Akaanza kusoma, na Mama mkwe akawa anamjibu kila sentensi. Amelala ubavu? Yuko ubavu. Mdomoni hakuna kitu? Hakuna. Nguo? Tumelegeza. Kama watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka.

Kabla hajamaliza ukurasa, miguu ikaacha. Bonge akavuta pumzi ndefu, akalegea, akajikojolea. Saa ilionyesha hata dakika tano hazikutimia. Mimi ningeapa ni mchana mzima.

Mkutubi akasema twende zahanati hata hivyo, yeye anakimbia kuwaambia tunakuja na barabara ya juu, zahanati ni jirani na maktaba. Tukamfunga Bonge mgongoni kwa Mama mkwe kwa sababu yeye ndiye mwenye nguvu. Alitangulia kwenye matope ya machimbo, kanga kichwani, nami nyuma nimeushika mguu wa mwanangu nisiuachie.

Ni malaria. Wamemchoma sindano, wametuweka hapa tulale. Sasa naweza kuliandika jina lake: degedege. Ni neno tu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkutubi alikuja wodini, suruali imelowa mpaka magotini. Tangu juzi wanapandisha vitabu juu ya meza, maji yameingia chumba cha chini. Ni mfupi kuliko sauti yake. Akaniomba radhi kwa ajili ya ile mashine. Akasema amezitenga namba zote za wenye watoto wadogo, kuanzia leo tukibipu mara moja au mara ishirini anapiga yeye mwenyewe, hadithi mtu aiombe kwa mdomo.

Mama mkwe akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe. Umenitesa na makreti."

Dada hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, mpaka Mama mkwe aliponigeukia: "Ulidhani nyanya zina nini cha kupangwa kila jioni? Nilikuwa nakwaruza ili usijue kwamba nasikiliza."

Jumapili, 6 Aprili

Nyumbani. Anakula. Baba Bonge amepiga, nikampa mama yake simu. Sijui alimwambia nini, lakini nilisikia, "Wewe jenga nyumba za watu. Huku tupo wawili."

Jumatatu, 14 Aprili

Hajachemka. Maji ya daraja yameshuka.

Jumanne, 22 Aprili

Hajachemka. Mama mkwe siku hizi ananiita mwanangu. Leo kanigombeza nimeunguza uji, lakini "mwanangu" ilikuwemo.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati. Mwandiko ni mbaya, nisamehewe.

Asubuhi Bonge aliamka mzima. Mama mkwe akaenda sokoni. Umeme ulikatika tangu jana, nikamwachia kinyozi simu, nikarudi nishone. Nilipomshika paji, moto. Nikanyanyuka kutafuta dawa, nilipogeuka alikuwa ameshaanza.

Hapakuwa na mtu. Milango ya majirani imefungwa, wako makazini. Hapakuwa na simu. Niliogopa kuliko siku zote. Lakini mikono ilikwenda. Nilimlaza kwenye mkeka, nikamgeuza ubavu, nikaingiza kiganja chini ya kichwa chake. Nikafungua vifungo vya shati lake, hivyo hivyo nilivyovishona. Mkabala na mlango wetu kuna dirisha la jirani, niliitazama saa yake ya ukutani kupitia hapo. Nikawa nasema kwa sauti kila nilichofanya, sijui namwambia nani. Mdomoni sikumgusa.

Akaacha. Akavuta ile pumzi. Akalala.

Nikamfunga mgongoni, nikashuka darajani, tukaja. Daktari amemtazama masikio, moja limeiva ndani, homa imetoka huko. Ameandika dawa. Aliniuliza nilifanya nini alipoanza, nikamweleza bila kubabaika.

Jirani mmoja alituona njiani akapeleka habari sokoni, maana sasa hivi Mama mkwe amefika na beseni lake kichwani, nyanya zote ndani, hakuuza hata moja. Anahema. Bonge amelala mapajani mwangu, mdomo wazi. Akasimama mbele yetu. Akanisalimia kama mtu anayeingia nyumbani kwa kawaida yake:

"Habari za hapa?"

"Nzuri, mama. Kilimshika, kimemwacha, amelala."

Akateremsha beseni, akaketi ubavuni kwangu, akamfunika Bonge miguu kwa ncha ya kanga yake. Hakuniuliza nilifanyaje.